Nyumba ya Ayeyo Kabla ya Mawe

Juzi Jumamosi mwanangu alinivuta mkono hadi mezani akanionyesha sipiyu yake, lile sanduku la kompyuta, ubavu wazi, nyaya zikining'inia nje. Anataka kuiongezea kadi ya picha ili michezo yake isiwe ikikwama. Niliinama nikapuliza vumbi, na ile harufu ya vumbi lililokaangwa na umeme ikanipanda puani. Basi, rafiki yangu, sikuwa tena Nairobi. Nilikuwa Garissa, mtaa wa Waberi, msichana wa darasa la tano, na mama yangu amepiga magoti sakafuni na bisibisi mdomoni.

Tulikuwa watu wa Embu. Baba, mwalimu wa Kiswahili, alihamishiwa Garissa, na mama akaacha kazi yake ya kuchora ramani za nyumba ili tuishi pamoja. Akawa anachora nyumbani, kwa kompyuta ya bei nafuu tuliyoinunua ikiwa imeshazeekea katika ofisi ya watu wengine. Ilikuwa mashine nyonge. Ungeiwasha, ukachemsha chai, ukaimimina na kuanza kuinywa, ndipo iamke. Kazi yangu kila nikitoka shule ilikuwa kuipangusa kwa kitambaa na kuifunika leso, maana vumbi la Garissa huingia bila kubisha hodi.

Tulitenganishwa na jirani kwa ukuta wa mabati tu. Upande wa pili aliishi Ayeyo. Ndivyo Wasomali wanavyomwita bibi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Aliishi na bintiye, muuza maziwa ya ngamia sokoni, ambaye mama alinifundisha kumwita Habaryar, yaani mama mdogo. Siku tuliyohamia, kabla hatujafungua hata godoro, Ayeyo aliingia na sahani ya anjera za moto, chapati laini za Kisomali, na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi. Nilidhani yameungua. Mwezi haukuisha kabla sijaanza kukataa chai isiyokuwa na maziwa yale.

Habaryar alikuwa na vyumba viwili vya mabati, lakini Ayeyo hakulala humo. Alilala uani, katika aqal yake, kibanda cha Kisomali cha vijiti vilivyopindwa na kufunikwa mikeka, mfano wa bakuli lililofudikizwa. Ndani yake mlikuwa na ubaridi hata saa saba mchana, wakati mabati yetu yalikuwa yakilia ka! ka! kwa jua. Nilikuwa nikitoroka kazi za nyumbani na kujilaza humo, nikisikiliza mbuzi wakikwaruza mikeka kwa nje.

Mwaka ule Habaryar aliazimia kumjengea mama yake nyumba ya mawe. Ayeyo akakataa. Hakufoka wala hakununa. Alisema tu, "Jengeni. Mimi narudi Diff kwa dada yangu." Diff iko mbali, mpakani kabisa, na kifua cha Ayeyo hakikuwa tena kifua cha safari. Habaryar alikuja jikoni kwetu, akaketi, akalia huku akiendelea kumsaidia mama kumenya viazi. Sikuwahi kuona mtu mzima akilia bila kusimamisha kazi.

Mama akachora ramani, akampelekea Ayeyo. Bikizee aliizungushazungusha ile karatasi.

"Naona mistari tu. Mlango iko wabi?"

Katika kinywa chake p ilikuwa b, na v ilikuwa f, na ngeli zote zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Baba, ambaye angeweza kuumwa na kichwa kwa upatanisho ule, alikuwa na msemo wake: "Sahihisha madaftari, usisahihishe majirani."

Mama alikuwa na programu ambayo ndani yake nyumba huinuka kutoka kwenye ramani, ukaingia mlangoni, ukatembea vyumbani. Alimkaribisha Ayeyo mbele ya skrini. Lo! Nyumba ilikuja vipandevipande, ukuta huku, nusu ya paa kule, yote rangi ya majivu. Mama alipojaribu kuigeuza, ikaganda. Ayeyo akangoja, shanga za tasbihi zikipita vidoleni. Kisha skrini ikawa nyeusi. Akainuka polepole, akamshika mama begani kana kwamba amefiwa.

"Nyumba yako ni mgonjwa, binti yangu," akasema, akaenda zake.

Siku chache baadaye tulisikia kwamba lori la jamaa zao lingeondoka kuelekea Diff mwisho wa mwezi, na Ayeyo ameshaombewa nafasi kwenye kabini. Na baba naye alikuwa amepata habari za uhamisho: muhula ukiisha, turudi Embu. Nakumbuka mama akisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiitazama ile kompyuta jinsi mtu anavyomtazama punda aliyelala njiani na mzigo.

Alianza na RAM, kile kibamba cha kumbukumbu ya mashine. Aliinunua kwa fundi mjini, akaisukuma mahali pake hadi ikasema ta, na kweli mashine ikachangamka. Lakini nyumba ya Ayeyo iliendelea kuchechemea. Fundi akamwambia ukweli: picha za namna ile zinahitaji kadi yake maalumu ya kuzichora, na mashine yetu haikuwa nayo. Kadi ikaja kwa basi kutoka Nairobi, imefungwa ndani ya sweta kuukuu ili isigongwe. Mama alipoichomeka, ikakutana na diski uso kwa uso. Ilikuwa ndefu mno. Akaihamisha diski chini. Akafunga skrubu, akawasha, nyumba ikasimama, nzuri, kuta zake nyeupe, tukapiga makofi. Mama akaigeuza kidogo tu, mashine yote ikazimika fyu.

"Umeme wake hauitoshi," mama akasema. Kumbe ile pawa saplai, lile kasha linalogawa umeme mle ndani, ilikuwa dhaifu kwa kadi mpya. Hiyo nayo ikabidi itafutwe.

Siku zote hizo Ayeyo alikuwa akija. Alikuwa ameambiwa na nani sijui kwamba mama anaifumua mashine kwa ajili yake. Aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya feni, akitazama. Alasiri moja, mama akiwa anaichomoa ile pawa saplai ya zamani, Ayeyo akauliza:

"Hii unatoa kwa nini?"

"Ni dhaifu, Ayeyo. Naweka nyingine."

"Na ile mengine inabaki?"

"Inabaki."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Ni kama aqal. Fijiti moja ikifunjika, unatoa hiyo moja. Nyumba haikufi."

Mama akacheka. Kisha, akiwa bado magotini, akauliza swali ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa amewahi kuliuliza. "Ile aqal, Ayeyo, alikujengea nani?"

Bikizee akamtazama kama mtu aliyeulizwa ni nani anayempumulia.

"Mimi. Zote mimi. Kwetu mwanamke anajenga. Tukihama, mwanamke anafungua, anafunga kwa ngamia, tukifika anajenga tena. Toka niolewe sijalala nyumba sikujenga." Kisha kwa sauti ya chini: "Sasa mtoto yangu anasema, hooyo, mama yangu, kaa, fundi atajenga. Nikae? Mimi nimekufa?"

Mama akaiweka bisibisi chini. Hakusema pole. Alisema, "Kesho baada ya sala ya alasiri, njoo tujenge."

Akaja, na Habaryar nyuma yake na dumu la maziwa bado mkononi. Mama akanikalisha mimi mbele, kiganja changu juu ya kipanya, na kiganja cha Ayeyo juu ya changu. Kilikuwa kikavu na chepesi, chenye rangi ya hina kwenye kucha. Nyumba ikainuka kwenye skrini, yote kwa pamoja, na jua likiangaza ukutani.

"Tuingie, Ayeyo," nikasema.

Ayeyo akavua ndara zake. Pale pale, chini ya meza yetu. Akasema bismillahi, tukaingia.

Nyumba haikukwama. Tulipita sebuleni laini kama maji. Akauliza jua la asubuhi litatokea wapi, mama akalisogeza jua, kivuli kikatembea sakafuni, na Ayeyo akashtuka akaubana mkono wangu. Kisha akaanza kazi. Mlango huu unatazama ukuta, ugeuze utazame geti, mgeni aonekane. Jikoni moshi itaenda wabi? Hapa nikilala sitasikia mbuzi. Kila alilosema, mama alilitenda hapo hapo, ukuta ukisogea kwa kubofya, dirisha likihama. Ayeyo alikuwa akicheka kila ukuta ulipohama, kicheko cha msichana, mkono mdomoni. Habaryar alisimama mlangoni na dumu lake. Hakuingilia. Mwishowe alisema neno moja tu, kwa Kisomali, "Hooyo," na Ayeyo akamwashiria aje aketi karibu naye.

Lori la Diff liliondoka. Kiti cha kabini alikikalia mtu mwingine.

Hatukuiona nyumba ikijengwa. Tuliondoka muhula ulipoisha, mawe ndiyo kwanza yanashushwa, na Ayeyo ameketi kivulini akiwaelekeza waashi kwa fimbo. Ile kompyuta tulihama nayo hadi Embu, ikaendelea kubadilishwa kiungo hiki na kile, hata siku moja haikuwaka tena, na michoro yote ikaenda nayo. Ayeyo aliishi miaka mingi katika nyumba yake, akafia humo. Habaryar akawafuata wanawe ughaibuni. Nilipopita Waberi mwaka jana kwa shughuli za kikazi, kiwanja kile kilikuwa na ghorofa za kupangisha, nguo za watu nisiowajua zikianikwa kwenye vibaraza. Hakuna ua, hakuna mbuzi. Niliuliza dukani kama wanamkumbuka bikizee aliyekaa hapa. Mwenye duka alikuwa kijana, hakumkumbuka. Nilinunua maji nikaondoka. Inaniuma kwamba nyumba ile nimeitembea kila chumba, wala sikuwahi kuikanyaga.

Lakini ninayo moyoni simu ya Habaryar, aliyompigia mama tukiwa Embu, siku waliyohamia nyumba ya mawe, nami nikaweka sikio karibu nisikilize. Alisema magharibi ile stima ilipotea ghafla. Watoto, wageni, yeye mwenyewe, wote wakabaki wakipapasa na kugongana kwenye vyumba vipya. Ayeyo peke yake alitembea kizani moja kwa moja, kutoka mlangoni, akapita sebule, akakata kona, akafika kitandani kwake bila kugusa ukuta. Akaketi. Wakamsikia akiwacheka.

"Kwani nyinyi ni wageni hapa?" akawauliza.