Tonge la Bibi Mlangoni

Harufu ya papa mkavu anayechomwa ndiyo iliyokuwa ikiniamsha, miaka ile tulipokuwa wageni Maskati. Tulitoka Unguja mikono mitupu baada ya mapinduzi ya sitini na nne, tukapewa chumba kimoja ndani ya ukuta wa mji, chumba chenye joto mpaka alfajiri. Mama alilowesha viganja kwa maji ya chumvi, akachukua wali uliolala, akatia kipande cha papa katikati, akauviringa ukashikana, akaufunga kwa kitambaa. Tonge la Baba, aliyepakua mizigo bandarini Matrah. La Mama mwenyewe, kwani alishonea watu kanzu nyumba za mbali. Langu la chuoni, nilikosoma Kurani. Na la Bibi, mama yake Baba, aliyebaki nyumbani.

Bibi hakuligusa. Kwetu Unguja chakula kilikuwa sinia moja na mikono mingi. "Mie n'le peke yangu kama paka? Sikulelewa hivyo." Jioni tulilikuta tonge limekauka, naye anazidi kukonda, hata pete ikawa inamchomoka kidoleni. Baba alimbembeleza, "Mama, utakufa na njaa." Niliogopa kweli, maana Unguja yote niliyobakiwa nayo ilikuwa yeye.

Siku moja nilitoka chuoni nikamkuta amekaa kizingitini, tonge mkononi, anamwita kila mwanamke apitaye, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha kuokota: "Karibu! Tfadhali!" Wengi walicheka wakapita. Jirani yetu wa Kibaluchi, asiyejua neno la Kiswahili, akaketi. Bibi akalivunja tonge, akampa pande kubwa, ndipo akala. Kesho yake jirani alikuja na tende, na mwenzake; siku zikaenda, kizingiti kikajaa wanawake. Tangu hapo Mama aliliviringa la Bibi kubwa kuliko la Baba, na hakuna aliyenung'unika.

Bibi alipofariki, hatukuwa na jamaa mjini hata wa kubeba jeneza. Nilimsikia Baba akiuliza, "Nani atakuja?" Wakaja wanawake wale kumwosha, waume na wana wao wakapokezana jeneza. Uchochoro ulijaa.

Siku hizi matonge ya wali ya Kijapani yanauzwa hata kwenye vituo vya mafuta, samaki ndani, nailoni nje. Juzi, tukielekea Bustan, hapa hapa Maskati, mjukuu wangu alikula lake ubavuni pangu garini, macho kwenye simu, akalimaliza bila kunikaribisha. Niliumia. Bibi, mgeni asiye na kitu, alizikwa na mtaa mzima. Mimi nna nyumba kubwa, na majirani siwajui majina.