Shangazi Anaruka na Gurbaba Yake

Mwanangu, naikumbuka vizuri asubuhi ambayo shangazi yangu alikataa chai niliyompikia. Yeye ndiye aliyenilea kule Luzira, akiuza samaki karibu na Port Bell, na sikuwahi kumwona akikataa chai ya mtu. Siku hiyo alikisukuma kikombe pembeni, akanitupia mezani kitabu changu cha katuni, akanigeuzia mgongo.

Wewe unanijua kama bibi wa miwani anayekufundisha kuchora hapa Bugolobi. Wakati ule nilikuwa msichana, na nilikuwa najiona kweli. Nilikuwa nimebuni shujaa wa kike anayeruka juu ya ziwa na kunyanyua behewa la treni kwa mkono mmoja. Kitabu cha kwanza kilipendwa, na mchapaji wangu wa Nakawa alikuwa anasubiri cha pili. Ila sura ya yule shujaa ilikuwa ya shangazi, mpaka mwanya wake. Nami nilimvika kama nilivyoona mashujaa wa ng'ambo wanavaa, nguo ya kubana, mapaja yote nje. Ruhusa sikuomba. Nilidhani nampa heshima, kumbe sokoni wenzake walikuwa wanamcheka.

Siku kadhaa hakunisemesha. Niliogopa, maana sikuwa na mama mwingine. Mwishowe nikaona bora nimtupe huyo shujaa kuliko kumpoteza shangazi. Nikampigia magoti.

"Nisamehe, shangazi. Simchori tena."

Akanigeukia. "Nani kakwambia umwache? Kuruka mimi sikatai, nyabo. Nakataa kuruka nusu uchi. Mwanamke mzima anakwenda kazini, gurbaba yake iko wapi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye pia ikamshinda kujizuia. Gurbaba ni ile shuka pana tunayojifunga sisi Wanubi. Basi alijifunga yake nzuri, akapanda juu ya stuli karibu na dirisha, akanyoosha mikono, upepo wa ziwa ukaipeperusha. Mimi nachora, yeye anasimamia. "Hapo umeninenepesha," ananiambia. Nikakichora upya kitabu kizima. Mchapaji alinung'unika kwamba nguo yote ile inamlia wino, lakini nguo hiyo ndiyo iliyonifundisha kuchora upepo, na ndiyo watu waliyonijulia. Leo vijana wengi hapa Kampala wanawavika mashujaa wao shuka inayopepea, na wengine hawajui hata ilianzia wapi. Nikiwaona nafurahi tu, roho yangu nyeupe.

Sasa na wewe umeniletea shujaa wako, na nimeiona sura ya baba yako mle ndani, usinifiche. Umemchora vizuri. Lakini kabla hujamweka mtandaoni, mwonyeshe kwanza yeye mwenyewe. Sura ya mtu haiwi yako kwa sababu unampenda. Akikasirika, usikimbilie kufuta wala kubishana naye. Muulize yeye angependa aonekane vipi. Huenda akakupa kitu ambacho wewe peke yako, hata ukae mwaka mzima na kalamu, usingekipata.

Mungu aibariki mikono yako, ayatunze macho yako, na kila utakayemchora ajione humo afurahi. Haya inuka, mpelekee, maana shangazi yangu alishatangulia, wewe wako bado yupo wa kuulizwa.