Kitu Yangu

Nilikuwa na miaka sita nilipomfurahisha baba yangu kwa mara ya kwanza, na ya mwisho. Sebule yetu ya Lavington ilijaa wageni wake, wahariri na maprofesa, wanakunywa chai ya tangawizi. Baba alikuwa amekalia daftari langu. Nikamvuta kanzu: "Baba, toka, hiyo ni kitu yangu!"

Wee! Watu walicheka mpaka vikombe vikatikisika. Baba, mtu wa pwani, mwandishi ambaye nchi nzima ilimwita bingwa wa Kiswahili, alifuta machozi kwa leso. Kisha akamgeukia mama, aliyesimama mlangoni na birika. "Umesikia? Hiyo ni kazi yako." Mama alizaliwa Kiambu, na Kiswahili chake ndicho nilichokinyonya. Akamimina chai. Tangu siku hiyo alisema nami Kikuyu tu, na baba akiingia, ananyamaza.

Mwaka uliofuata riwaya mpya ya baba ikatoka. Ndani yake mlikuwa na kijakazi mpumbavu ambaye kila akifungua mdomo husema "kitu yangu". Baadaye ikawa kitabu cha kusomwa mashuleni, nami nikakutana nayo kidato cha tatu. Mwalimu alijua mimi ni binti wa nani, akanipa maneno ya kijakazi. "Si ni baba yako? Soma kwa sauti." Nikasoma. Mpaka namaliza shule niliitwa Kitu Yangu, hata na wapishi.

Nilikuwa na tamaa moja tu maishani, na wala haikuwa kubwa. Katika vitabu vyake kila baba humwita mtoto wake "mwanangu". Hata wezi! Mimi aliniita "wewe", na mbele ya wageni "huyu". Nilitaka aniite mwanangu, basi.

Nikadhani kalamu itanipatia. Nilipofika miaka thelathini nilichapisha hadithi zangu River Road, kwenye kiduka cha ghorofani kinachochapa kadi za harusi, nikampelekea bahasha mwenyewe. Alikaa nayo siku tatu. Ukurasa wa kwanza na wa pili zilirudi zimejaa wino mwekundu. Wa tatu hakuugusa. "Wewe andika Kiingereza," akasema. "Huko watakuvumilia."

Sikuandika tena.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi ukabaki nusu. Mama alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo ni mimi niliyempeleka Hurlingham kila Jumanne kwa dada mmoja anayewafundisha wagonjwa kusema upya. Dada akainua kikombe. "Mzee, hii ni nini?" Baba akahangaika, jasho likamtoka. "Kikombe... yangu."

"Sawa kabisa, mzee!" Dada akapiga makofi.

Sawa? Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kama mwehu. Nyumbani nikaanza kumsahihisha. "Changu, Baba. Kikombe changu. Rudia." Alirudia, macho chini, uji ukimtiririka kidevuni, na mimi simfuti mpaka apatie. Ndiyo, nilifanya hivyo.

Asubuhi moja tulikaa bustanini, namkata kucha. Akanishika kwa ule mkono wake mzima, akanitazama usoni, mdomo ukahangaika muda mrefu. "Mtoto," akasema. "Mtoto... yangu."

Mungu wangu, miaka arobaini na miwili nalingoja neno hilo! Na mimi nikamjibu nini? "Wangu, Baba. Mtoto wangu. Rudia."

Hakurudia. Aliuachia mkono wangu, akageuza uso kwenye ukuta wa bustani. Aliishi majuma mawili zaidi. Alisema na mtunza bustani, alisema na mlinzi wa getini, akakosea kila neno, nao wakamwelewa. Mimi hakunipa tena hata kosa moja.

Kwenye matanga shangazi zangu kutoka pwani waliniuliza neno lake la mwisho kwangu lilikuwa lipi. Tulikuwa kwenye sebule ile ile, chai ya tangawizi mkononi.

"Aliniita mwanangu," nikasema.

Wakalia sana. Ningewaambia alivyosema hasa, wangecheka.