Kiti chekundu alichokalia mshenga

Mshenga aliyekuja kumposa dada ameanguka uani kwetu leo, na mimi nilijua ataanguka.

Wageni walitoka Turiani kwa ajili ya dada Rehema. Baba akamwekea mshenga kiti chekundu cha plastiki, kile kinachoshinda juani mwaka mzima.

Kilikuwa kimepauka na kutoa unga mweupe kama chaki.

(Kwa wasiojua: plastiki ya viti huchanganywa na dawa ya kuikinga na jua. Dawa ikiisha nguvu, mionzi na joto hukatakata minyororo ya molekuli. Umbo linabaki lilelile, lakini ndani kiti kimekuwa kama biskuti.)

Nikajikaza. "Shikamoo babu. Tafadhali usikalie hicho, kitavunjika."

Mzee akanigeukia.

"Kumbe kwenu mgeni hukaribishwa kwa kuambiwa asikae?" mzee akauliza.

Baba akaona aibu. "Msamehe, mzee wangu, huyu vitabu vimemzidi." Akakikalia yeye, akajitikisa. Kikahimili. "Umeona? Karibu, mzee."

Mzee akaketi.

Mguu wa kiti ukakatika kwa mlio mkali. Kanzu yote vumbi. Hakuna aliyecheka.

Wameondoka bila kuzungumza habari ya mahari, wala kusema watarudi lini.

Nikamfuata dada jikoni, nikamweleza habari ya mionzi na molekuli. Alinisikiliza mpaka mwisho huku machozi yakimtoka.

"Ulijua yote hayo," akasema. "Sasa mbona hukumletea tu kiti kingine?"