Kikao cha Walioacha

Sukari enzi zile ilikuwa ya foleni. Unaamka alfajiri, unapanga mstari duka la ushirika, ukifika dirishani unaambiwa imekwisha, njoo kesho. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kuichota ya kwenye kopo langu na kuifunga kwenye kipande cha gazeti kila Jumapili mchana, mie sikuhitaji mganga wa kuniagulia. Mwanamume haibi sukari akampelekee dada yake.

Tulikuwa tumepanga chumba Temeke, yeye akifanya kazi kiwandani Chang'ombe. Alikuwa mlevi, tena si wa kusingiziwa. Akipokea mshahara alikuwaga anapitia kilabu cha pombe Buguruni, na nyumbani anafika viatu mkononi, anaimba. Mwaka ule nilimwambia bila kupandisha sauti: siku nyingine ukirudi hivyo, nachukua wanangu nakwenda kwa mama Lindi, na usinifuate. Akaacha kuimba. Ndipo zikaanza hizo Jumapili zake: anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anafunga sukari yangu, huyo. Nikimuuliza anakwenda wapi, anajibu, "Kikaoni." Miaka ile mtu akisema kikao, mke hana la kuongeza, nchi nzima ilikuwa kikaoni.

Jirani yangu wa chumba cha pili, mwanamke asiyepitwa na jambo, ndiye aliyenifungua macho.

"Shoga, kikao gani? Mumeo anakwenda kwenye kile kikundi cha walioacha. Wanakutana uani kwa yule mzee seremala, Chang'ombe."

"Walioacha nini?"

"Mie najua? Nimesikia walioacha."

Nyie chekeni tu. Mwanamke ukiambiwa mumeo anakaa na wanaume walioacha, huwazi sigara. Unawaza wake. Nikajua wanafundishana namna ya kuandika talaka, na sukari yangu ndiyo wanayonywea chai.

Jumapili iliyofuata nilijitanda khanga, nikamfuata kwa mbali. Karakana ilikuwa imefungwa kwa mbele, sauti zinatoka uani. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa mabati. Mwanamume mmoja alikuwa anaongea taratibu: "Mie nimemwacha tangu Ramadhani. Lakini nikipita Buguruni jioni, namsikia kabisa ananiita." Wenzake wakaguna, wakampa pole. Mwingine akasema yule mama alimfilisi, mpaka kitanda aliuza kwa ajili yake, na bado akimnusa tu anageuza njia. Mie nje huko nashangaa, mwanamke gani huyu, wanaume wote hawa. Halafu nikasikia sauti ya mume wangu.

"Mie juzi nilimrudia."

Sikungoja amalize. Nikasukuma mlango wa bati, nikaingia.

"Yuko wapi huyo mama?" nikauliza. "Namtaka aniambie mwenyewe."

Wakaganda na vikombe mikononi. Aliyekaa karibu na mlango alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye ndiye nilipanga kumpelekea mashtaka. Akainamia kikombe chake kama kuna kitu kimedondokea humo. Mzee seremala akainuka, akanisogezea kigoda. Nikamwamkia, maana hasira haiondoi adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Huyo mama ni pombe. Tunamwita hivyo ili wapita njia wasitujue. Kumbe tumejiponza wenyewe."

Wakaangua kicheko, na mie nikacheka nao, masikio yananiwaka kwa haya. Kisha kicheko kikanikauka. Neno la mume wangu nilikuwa nimelisikia, na sasa nimelielewa. Juzi aliniambia ana zamu ya usiku. Naye aliona kwamba nimeelewa. Alikuwa bado amesimama, ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa basi la Lindi linaondoka saa ngapi.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

"Ni kweli. Nilikunywa, nikaja kulala hapa karakanani usinione."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeondoka."

Ningeondoka, ndiyo. Uchungu niliousikia ulitosha kunifikisha Lindi kwa miguu. Lakini mtu huyu nyumbani hajawahi kukiri hata kuvunja sahani, na hapa alikuwa amesimama mbele za watu analisema, wala hakujua kama nipo. Sikuweza kujifanya sikuliona hilo.

"Si mnasema ni mwanamke?" nikawaambia wote. "Basi huyo hajaachwa bado. Mume wangu kampa talaka moja, na ya moja mtu anarejea, ndiyo maana kamrejea. Ampe zote tatu, leo hii, nyie ndio mashahidi."

Mmakonde mmoja Mkristo akauliza kama na yeye anaruhusiwa. Wakacheka tena, mzee akamwambia asubiri zamu yake.

Mume wangu hakucheka. Akageukia upande wa Buguruni, akasema, "Nimekuacha." Akasema tena. Kabla ya kufika ya tatu machozi yakamtoka, mtu mzima na ndevu zake. Mie nikamwonea yule mama wivu, wivu wa kweli, maana sikuwahi kuliliwa hivyo. Uani kila mtu akawa anamngoja.

Nikainuka kigodani, nikaenda kusimama karibu naye.

"Malizia," nikamwambia. "Mie sikuachi."