Waziri Niliyemkaribisha Blacktown

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilitembea kila asubuhi na mzee mmoja wa Kihindi, kwenye bustani iliyo karibu na stesheni ya treni ya Seven Hills, huku ughaibuni. Yeye aliishi kwa binti yake, mimi kwa mwanangu, na sote wawili tulikuwa tumeagizwa na daktari tutembee. Tulizungumza Kiingereza, kila mtu na chake.

Kwao alikuwa mwanasiasa mkubwa. Alianza kama kondakta wa basi, akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, akaingia bunge la jimbo lake, hatimaye akawa waziri wa umwagiliaji. Alihama chama mara mbili. Mara ya kwanza anaitetea mpaka leo. Ya pili alikiri kwamba ilikuwa tamaa ya cheo tu. Katika uchaguzi wake wa mwisho aliuza nyumba ili apate pesa za kuzungukia vijijini, na akashindwa.

"Ndiyo maana nalala chumba kimoja na mjukuu," aliniambia.

Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni sikuamini. Kwetu sikuwahi kumwona waziri mstaafu asiye na kitu. Nilidhani anaficha.

Kanisa letu la Blacktown, linaloabudu kwa Kiswahili, lilipotaka kununua basi dogo la kuwachukua wazee wa Mount Druitt, mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harambee. Tulikuwa hatuna mgeni rasmi. Nikasimama kwenye kikao nikasema ninaye waziri. Watu wote waligeuka kunitazama, na nilipenda kutazamwa vile.

Mzee mwenyewe nilimwambia tu kwamba watu wangu wanataka kumsikia. Sikumweleza kwamba kwetu mgeni rasmi ndiye anayefungua mchango, na wengine hutoa kwa kuangalia alivyotoa yeye. Nilijiambia kwamba mwanasiasa hafundishwi mambo hayo.

Alikuja amevaa koti jeupe la kola ya kusimama, limepigwa pasi vizuri. Binti yake alimshusha mlangoni akawahi zamu yake kazini. Na alihutubia, jamani. Alisimulia kijiji kimoja kikavu, jinsi alivyogombana na wahandisi mpaka mfereji ukafika, na jinsi wanawake walivyoingia majini na nguo zao. Nilipotafsiri, akina mama wa Kirundi walipiga vigelegele. Alirudi kitini akijifuta jasho, uso wake una furaha ambayo sikuwahi kuiona kule bustanini.

Kisha kwaya ikaimba, na kikapu kikawekwa mbele yake. Akakitazama, akanitazama mimi. Nikamnong'oneza kwamba ni mchango. Akapapasa mifuko ya koti.

"Sikubeba kitu," alisema taratibu. "Nilidhani mmeniita niseme."

Muuguzi mmoja Mkenya wa safu ya mbele hakusubiri, akanigeukia mimi. "Mzee, si ulituambia unaleta waziri? Ama huyu ni waziri hewa?"

Wakaanza kucheka. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema kwamba huyu ni mgeni wangu na kosa ni langu, yakaisha. Lakini niliona aibu kuonekana nimeleta mtu asiye na kitu, nikaamua aibu hiyo aibebe yeye.

"Msimlaumu Mheshimiwa," nikasema kwa Kiswahili. "Amezoea kula vya serikali. Vyake hajui hata viliko."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Naye akatabasamu, kwa kuwa kila mtu alikuwa anatabasamu.

Kwenye treni ya kurudi aliniuliza nilisema nini wakacheka vile. Nikamjibu nilisema amehutubia vizuri. Siku chache baadaye binti yake alinisimamisha dukani kunishukuru. Baba yake, alisema, hajawahi kuchangamka hivyo tangu afike nchi hii. Sasa anaandaa hotuba nyingine, anangoja tu niseme lini.

Nikawa natembea jioni ili nisikutane naye. Sikuweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Asubuhi moja nilimfuata bustanini nikamwambia kwamba nilidanganya.

"Niambie maneno yenyewe," alisema.

Nikamtafsiria, bila kupunguza.

"Na nyumba yangu niliyoiuza, ulikuwa umesahau?"

"Hapana. Sikuamini."

"Mwaka mzima nakusimulia, na wewe huamini."

"Ndiyo."

Niliomba radhi. Akasema ni sawa, akatazama saa, akasema mjukuu wake anataka kupelekwa shule.

Hajanigombeza hata mara moja. Tukikutana hunishika mkono kwa mikono yake miwili, huniuliza hali ya mwanangu na ya miguu yangu, kisha husonga mbele kabla sijamaliza kujibu. Nadhani hivyo ndivyo alivyokuwa akiwasalimu wapiga kura.