Kwetu Hatukati Njia

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni dobi wa hospitali. Shuka ikitoka kwenye kikaushio huipokea ingali moto, huikung'uta mara moja hewani kama anayefukuza kuku, na mvuke haujaisha imeshakunjwa pembe kwa pembe. Wenzake kazini wanamwita Buli. Jina hilo hakulipata kwenye pasi. Alilipata mlimani, kwa sababu akipanda kilima mbio hutoa pumzi kama buli lililosahauliwa jikoni.

Ndiyo, anakimbia, tena msituni, juu ya mizizi na mawe. Alianza utotoni, akimfukuzia kaka yake nyuma, na mume wangu alikuwa akisema kwamba hakuna mtu aliyewahi kumchosha kama huyo mtoto asiyekubali kuachwa. Tulipomzika, wifi alizidisha. Kila alfajiri kabla ya zamu alikuwa kwenye vijia vya msitu ulio nyuma ya hospitali. Nilipomuuliza kama hajichoshi, alinijibu, "Msituni, wifi, hakuna anayekuuliza unalia nini. Wanadhani ni jasho."

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka madukani akihakikisha kilo ni kilo, na hakuwahi kupokea hata pipi ya bure kwa mwenye duka. Nalitaja hili ili ieleweke jinsi lilivyotuchoma lile neno lililotupata mwaka juzi.

Hospitali ina timu ya mbio za ramani za kupokezana, wanawake watatu: muuguzi ambaye ndiye kiongozi, mshonaji anayetia viraka mashuka, na wifi yangu. Mkimbiaji hupewa ramani na dira, akatafuta vituo vilivyofichwa msituni kwa mpangilio. Kila kituo kina kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe, namba yake, na kidude cha meno cha kutobolea kadi, kila kimoja na mpangilio wake wa matundu. Ukivimaliza unarudi, unamgusa mwenzio mkono, naye anaondoka. Sasa, ujanja wa waandaaji ni huu: timu hazipewi vituo vilevile, na vingine huwekwa jirani kabisa, ili anayefuata mgongo wa mwenziwe aumbuke. Kibendera ni kimoja kwa sura. Namba ndiyo inayosema ukweli. Mmoja akikosea kituo kimoja tu, timu nzima inafutwa.

Mwaka juzi wifi yangu alitoboa thelathini na nane badala ya thelathini na sita. Timu ikafutwa. Jioni ileile mtaani ikawa si kukosea tena, ikawa kukata njia, yaani kupita mkato kwa udanganyifu. Mwenye duka la kona, ambaye mume wangu aliwahi kumrekebishia mzani, aliniuliza huku akinifungia sukari, "Eti wifi yako alikata njia? Na kaka yake alivyokuwa mkali!"

Nilimwambia, "Kwetu hatukati njia. Ongeza sukari, kilo haijafika." Haikuwa imefika kweli.

Mwaka jana muuguzi alimpumzisha. Mwaka huu alikubali kumrudisha, ila alimwambia mbele ya wote kule chumba cha kufulia, "Dada Buli, nakupenda, lakini kadi ikiharibika tena, basi. Kuna wasichana wanasubiri nafasi."

Siku chache kabla ya mbio wifi alikuja kwangu na ramani ya zamani, ajizoeze. Nilikuwa namenya viazi. Niliona anaisogeza ramani mbali, halafu mbali zaidi, mwishowe ameinuka amekwenda nayo dirishani, mkono umenyooka kama anayemwonyesha mtu mlango.

"Wifi, hapo kwenye kidole chako pameandikwa namba gani?"

"Msomi ni nani humu ndani? Soma wewe."

"Nakuuliza wewe."

Akacheka, kicheko kikafa njiani. Nikaweka kisu chini.

"Tangu lini?"

"Kaka alikuwa bado hai." Alikaa. "Njia naiona. Mlima nauona, hata ndege mtini namwona. Hivi vidogo vya karibu ndivyo vinavyocheza. Ile siku niliona sita, nakuapia."

"Mbona hukusema? Watu wamekuita mdanganyifu tangu mwaka juzi, umenyamaza!"

"Mdanganyifu husamehewa siku moja, wifi. Mzee hasamehewi. Wakijua macho yamekwisha, ndiyo wamenitoa moja kwa moja. Na mimi nikitolewa kule msituni, nitakwenda kulia wapi?"

Nilinawa mikono nikaingia chumbani. Katika droo ya upande wa mume wangu kulikuwa na miwani yake ya kusomea, ile aliyoivaa akiinamia mizani. Nilikuwa sijaiondoa mahali pake tangu alipoiweka mwenyewe. Nilimvalisha dada yake. Fremu ilikuwa pana, ikamteremkia puani akafanana na bundi.

"Soma."

Akasoma. Namba zote, moja baada ya nyingine, hata jina la kiwanda cha karatasi lililoandikwa pembeni. Kisha akaivua, akaifuta kwa upindo wa kanga ingawa haikuwa na vumbi, akasema kwa sauti ndogo, "Ina harufu yake."

"Itakuwa na harufu ya jasho lako sasa. Itafutie mpira isije ikadondoka."

Aliifunga kwa mpira wa kiunoni wa suruali za wagonjwa, ili akimbie imening'inia shingoni na aivae kituoni tu. Kwa mbali isingemfaa, ingemwangusha.

Siku ya mbio nilivaa gauni langu la heshima nikaenda na mwavuli. Kulikuwa na manyunyu. Mwenye duka naye alikuwepo, binti yake akikimbilia timu ya benki. Muuguzi alianza, akarudi vizuri. Mshonaji akarudi vizuri zaidi, timu yetu ikawa ya tatu. Akaupiga mkono wa wifi yangu, na Buli akaondoka akitoa mvuke.

Sisi watazamaji hatuoni msituni. Kuna sehemu moja tu ya wazi, mteremko wa majani, ambako wakimbiaji hujitokeza kabla ya kuingia kwenye miti ya mwisho. Wa kwanza akapita, wa pili akapita. Kisha akatokea wifi yangu, na binti wa benki mbali nyuma yake. Muuguzi alinishika bega. "Wa tatu, mama! Wa tatu!"

Katikati ya mteremko wifi akasimama. Akavaa miwani, akaitazama kadi, akaitazama ramani. Akaivua miwani akaifuta kwenye fulana iliyolowa. Halafu akageuka akaanza kupanda mlima, kule alikotoka.

"Buli limechemka!" mtu alipiga kelele, watu wakacheka.

"Amesahau sufuria motoni," akadakia mwenye duka.

Muuguzi alishika kichwa. Binti wa benki akapishana naye akateremka, akaja mwingine, na mwingine, na mwingine. Mimi nilifunga mwavuli. Sijui kwa nini. Niliona si haki mimi kuwa mkavu.

Alifika wa saba, magoti yana matope, miwani imekaa upande. Alimpa karani kadi yake. Karani alikagua tundu kwa tundu, sote tumemzunguka.

"Vituo vyote sawa. Kadi safi." Akainamia tena. "Ila hapa, thelathini na sita, umetoboa mara mbili."

"Miwani ilikuwa na ukungu," wifi alisema akihema. "Nilisoma sita. Nikafika chini nikajiuliza, nimesoma sita au nimetaka iwe sita? Nikarudi kuhakikisha."

"Na ilikuwa sita tangu mwanzo?" muuguzi aliuliza.

"Ilikuwa sita."

Muuguzi alimtazama yule mwanamke mwenye matope na miwani ya kiume, nami nikaona mdomo wake unapambana na kicheko hadi ukashindwa. "Dada Buli! Umetupotezea nafasi ya tatu kwa kwenda kusalimia kituo! Mwakani unaifungia hiyo miwani vifuta mvua vya gari, unanisikia?"

"Mwakani?" wifi aliuliza.

"Kwani unakwenda wapi mwakani?"

Mwenye duka alikohoa, akasema mvua itaongezeka. Nilimkubalia kwa adabu.

Wifi alinijia nikamfuta uso kwa leso yangu ya heshima. Alikuwa bado ameivaa miwani. Akanisogelea hadi pua zetu zikakaribia kugusana, akanikagua paji la uso, macho, pembe za mdomo, taratibu, kama anayesoma ramani.

"Wifi," alisema, "kumbe umezeeka hivi!"

"Nirudishie miwani ya mume wangu."

"Sikurudishii," alisema, akaniegemea na matope yake yote.